Flashi Isiyo na Mji

Vijana wa karakana wameniomba niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau. Nashuku wanachotaka hasa ni kujua nilikuwa nikificha wapi zile bisibisi nzuri. Nilikuwa nikienda nazo nyumbani. Mengine ni haya, nami nitayaandika kama yalivyofuatana, kwa sababu fundi anayeruka hatua huishia na skrubu tatu mkononi asijue zilitoka wapi. Kupandishwa cheo sitakutaja. Mtu akitaka kujua mambo hayo na amuulize mke wangu, ana maoni yake.

Nilianza Nyeri mjini, katika chumba chenye meza mbili, dirisha moja na taipureta kumi na saba zilizokuwa wagonjwa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Njogu, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hata wakati wa jua kali. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mezani taipureta iliyokuwa haipigi herufi A. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuifungua kifuniko. Akaninyang'anya.

"Umeuliza nani aliigusa mwisho?"

"Bado, Mzee."

"Sasa unafungua nini? Hii kitu haikujiharibu. Mashine haijui kujiharibu. Enda uulize."

Nikashuka mteremko mpaka ile ofisi ilikotoka. Mpiga chapa akaniambia iliharibika yenyewe tu. Tarishi akasema iliharibika yenyewe, lakini alisema hivyo akiangalia mlango wa bosi. Mfagiaji ndiye aliyenivuta kando, akaniambia bosi mwenyewe aliinyanyua na kumpondea panya. Nikarudi na habari hiyo. Mzee Njogu hakucheka. Alinirudishia bisibisi na kusema, "Haya. Sasa fungua." Tuliyoyakuta ndani sitayaeleza, maana huenda kuna anayesoma haya akila.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Kwa miaka mingi nilimshuku mteja kwanza, kisha stima na nyaya zake, kisha fundi aliyenitangulia, na mashine nikaishuku mwisho kabisa. Mara nyingi nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi mara nyingi huharibika tabia. Nilifika mahali nikisikia tu "ilijizima yenyewe" naanza kutabasamu, na wateja hawakulipenda tabasamu hilo.

Kompyuta zilipoanza kupanda huku kwetu, Mzee Njogu alikaa mbele ya moja wiki nzima akiitazama bila kuigusa. Mwishowe akasema, "Taipureta ikikosea, inakosea mbele yako. Hii itakosea ndani, halafu ikuangalie." Akavua aproni, akarudi Mweiga kwa ng'ombe wake. Nilikasirika, nikaona ananiachia mzigo. Niliendelea peke yangu, nikijifunza kwa kuharibu. Kompyuta mbili za kwanza nilizoharibu naomba wenyewe wasisome hapa.

Sasa nifike kwenye kile kitu mlichozoea kuniona nacho shingoni. Nyinyi mmezaliwa kimeshakuwepo, kwa hiyo nieleze kidogo. Kompyuta ikiwashwa hutafuta mfumo wa kuiamsha, na kwa kawaida mfumo huo hukaa ndani, kwenye diski yake. Diski ikiugua, mashine haiamki na mwenyewe anaanza kulia. Siku moja Murang'a, kwa muuzaji wa magazeti makuukuu, nilinunua gazeti la kompyuta lililogundishwa CD kwenye jalada. Liliandika kwamba ukiitia CD hiyo na kuwasha, kompyuta itaamka kwa mfumo ulio ndani ya CD, wala haitagusa chochote kilicho kwenye diski. Ukimaliza unaichomoa na kwenda zako.

Sikuamini hata neno moja. Niliifungua kompyuta ya karakana, nikachomoa diski, nikaiweka mezani mahali ninapoiona. Nikatia CD, nikawasha. Ilikawia mpaka nikafurahi, nikijua nimewanasa waongo. Kisha skrini ikafunguka, ikaleta saa, ikaleta mahali pa kuandikia, ikaleta hata mchezo wa karata. Nikatazama nyuma ya mashine. Nikatazama chini ya meza. Diski ilikuwa palepale pembeni ya kikombe changu. Nilicheza karata kwa nusu saa bila kuzipenda, nikingoja mashine ikumbuke kwamba haina kitu ndani.

Baadaye CD zikaacha kutumika, mfumo ukaingia kwenye flashi ndogo ya kuning'iniza. Nilitembea nayo miji yote ya chini ya Mlima Kenya. Iliponifanya niogopwe ni Kutus, kwa mtu mmoja aliyekuwa akichapisha vitabu vidogo vya mazishi, vile vya picha na historia ya marehemu. Kompyuta yake iligoma siku moja kabla ya maziko, picha zote zikiwa ndani. Jamaa ya marehemu ilikuja yote, ikasimama nyuma yangu. Nikachomeka flashi, nikawasha, nikaingia, picha zikatokea moja baada ya nyingine. Mjane akashika mdomo. Nilidhani nitashukuriwa.

Mwana mkubwa akauliza, "Na password?"

"Hii haihitaji. Inapitia kando."

"Ati inapitia kando? Kwa hivyo unaweza fungua ya mtu yeyote?"

"Naweza."

"Hata yangu?"

"Hata yako. Lakini sina haja nayo."

Wakatazamana. Walichukua picha zao, wakaziombea pale pale, wakatoka mmoja mmoja, na hakuna aliyenipa mkono. Tangu siku hiyo askari wa milangoni walianza kuniambia niache flashi kwao, nami nikakataa, tukawa tunabishana kwenye mageti ya shule na hospitali. Ukweli ni kwamba nililipenda jambo hilo. Nilikuwa nikijisifu mbele ya watu kwamba naingia ndani ya mashine, naona kila kitu, natoka, na sikuacha hata alama ya kidole. Nilipaswa kujiuliza ni mtu wa namna gani anayejisifu kwa maneno kama hayo.

Flashi ile niliitengeneza upya kila mfumo mpya ulipotoka. Toleo moja lilikuja na maswali mengi. Lilitaka kujua lugha, nikajibu. Likataka kujua aina ya kibodi, nikajibu. Kisha likaleta orodha ndefu ya miji, likaniambia nichague niliko. Nikatafuta Nyeri, haipo. Nikatafuta Murang'a, haipo. Karatina ndiyo usiseme. Kwa Kenya nzima kulikuwa na Nairobi tu. Mimi siko Nairobi. Niliwahi kukaa Nairobi miezi minne nikaibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Halafu nikajiuliza, hiki kitu kinataka kujua niliko kwa nini? Nani amekituma? Nikabonyeza kitufe cha kuendelea bila kuchagua mji. Kikaendelea bila kulalamika, nami nikaona nimekishinda.

Miezi michache baadaye nikaitwa na shule ya bweni ya wasichana, juu ya Othaya. Mwalimu mkuu, Madam tu kwa kila mtu, alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu. Alifunga mlango kabla hajanisalimia.

Shule kadhaa zilikuwa zimeungana kutunga mtihani wa pamoja wa kidato cha nne, na shule hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kuuchapa. Siku tatu kabla ya mtihani, karatasi ya hesabu ilikamatwa kwa wanafunzi wa shule nyingine, maswali yote, isipokuwa kichwa cha juu kilikuwa kimeondolewa. Kompyuta iliyochapa mtihani ilikuwa moja, kwenye ofisi ya sekretari.

"Nimesikia uko na kitu inaweza angalia ndani bila kuharibu," Madam akasema. "Nataka kujua ni nani. Na sitaki kelele."

Sekretari alikuwa Mama Shiro. Nilimjua kwa kusalimiana tu. Alikuwa mwanamke mpole wa Kiriaini, aliyekuja kila siku na gari la kwanza na kufungua ofisi watu wengine wakiwa bado wanatafuta soksi. Binti yake Shiro alikuwa kidato cha tatu papo hapo shuleni, kwenye nafasi ya mtoto wa mfanyakazi. Mama alikuwa hana mume na hana shamba la kutaja. Kazi ile ikienda, na shule ya Shiro inakwenda nayo. Hayo yote niliyajua kabla sijachomeka flashi, na naomba mkumbuke kwamba niliyajua.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu niliowafundisha nyinyi. Kwanza niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine, nikalinganisha saa yake na saa yangu ya mkononi. Zililingana. Ndipo nikachomeka flashi. Saa ndogo ya pembeni ya skrini nayo ikalingana. Nikaanza kupekua. Baada ya muda nikaikuta, ndani ya folda ya picha za siku ya michezo. Ilikuwa nakala ya mtihani wa hesabu, imepewa jina la wimbo wa kwaya, na kichwa cha juu kimeondolewa. Mtu alikuwa ameificha hapo. Pembeni mwa jina kulikuwa na siku na saa ilipohifadhiwa, Jumanne iliyopita, saa moja kasoro dakika kumi na mbili asubuhi.

Nilisoma kwa sauti jina la wimbo na saa. Madam akarudia polepole, "Saa moja kasoro." Kisha akasema, "Hiyo saa hakuna mtu hapa. Ni Mama Shiro peke yake."

Mama Shiro alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai cha kunipa mimi. Sote wawili tulimgeukia kwa pamoja. Nililihisi lile tabasamu langu likija.

"Nilikuwa hapa hiyo saa," akasema. "Hiyo siwezi kataa. Nilifungua, nikawasha kompyuta, nikafagia. Lakini mtihani sikugusa, Madam. Hiyo jina ya wimbo hata sijui."

"Basi ni nani?" Madam akamuuliza.

"Sijui."

Aliweka kikombe mezani pangu. Alikuwa anatetemeka, na mimi, mwanafunzi wa Mzee Njogu, nikajiambia kwamba mtu asiye na hatia hatetemeki. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimshauri Madam kompyuta ifungwe kwenye stoo yake, ibandikwe karatasi yenye sahihi, isiwashwe na mtu yeyote mpaka bodi ya shule ikutane, ili ushahidi usiharibike. Madam alisema ni wazo zuri. Mama Shiro akaambiwa akae nyumbani. Nilikunywa chai yake, maana ilikuwa tayari imemiminwa.

Maneno hayakungoja bodi. Nilisikia habari hiyo Othaya, nikaisikia tena Nyeri, ikiwa imeongezwa chumvi, kwamba aliuiba mtihani kwa ajili ya binti yake. Binti alikuwa kidato cha tatu, mtihani haukumhusu, lakini hakuna aliyetaka kusumbuliwa na jambo hilo. Nami sikumsahihisha yeyote. Niliposikia watu wakisema fundi wa Nyeri ana kitu kinachoona mpaka dakika, nilinyamaza kwa adabu na kuagiza chai nyingine.

Wiki tatu zikapita. Bodi ilikuwa imepangwa kukutana Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo, mchana, aliingia karakana mama mmoja wa Karatina na kompyuta ya mapajani ndani ya kiondo. Alikuwa mwandishi wa kikundi cha akina mama. Akaniomba akae kwenye meza yangu aandike kumbukumbu za mkutano wao akingoja chaja yake itengenezwe. Aliandika kwa vidole viwili, akaniuliza mara mbili ilipo alama ya mkato. Akahifadhi. Mara mashine ikazima, ikakataa kuwaka kwa mfumo wake. Nikatoa flashi, nikaiamsha, nikaiona kazi yake iko salama. Ilionyesha imehifadhiwa saa nne na dakika nne asubuhi.

Nikamtazama yule mama. "Hii uliandika asubuhi," nikamwambia.

"Asubuhi gani?"

"Saa nne."

"Saa nne nilikuwa Karatina nikiuza nyanya! Si nimeandikia hapa ukiniona? Hata umenionyesha koma."

Mtaniona mjinga, lakini nilimshuku. Nilisimama pale nikijiuliza kwa nini mama huyu anadanganya kuhusu kumbukumbu za kikundi. Kisha nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa saba na dakika tisa. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akihifadhi dakika tano zilizopita. Tofauti ilikuwa saa tatu kamili.

Nilimrudishia chaja yake, nikamwambia mashine aifuate kesho, nikafunga mlango, nikakaa na mashine za karakana alasiri yote nikijaribu. Mambo yalikuwa hivi. Ile mifumo ya kawaida ya ofisini haiandiki kwenye faili saa ya hapa kwetu. Inaandika saa ya Greenwich kule Uingereza, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na wakati wa kukuonyesha inakuongezea hizo tatu kwa sababu inajua uko Afrika Mashariki. Flashi yangu haikujua iko wapi. Niliulizwa mji, nikakataa kusema. Kwa hiyo ilinionyesha saa ya Uingereza kama ilivyo, bila kuongeza kitu. Saa ya pembeni ililingana na ya mkononi kwa sababu hiyo iliisoma moja kwa moja kutoka kwenye mashine, na ndiyo iliyonipumbaza. Kama ningekubali kwamba niko Nairobi, hata kwa uongo, Mama Shiro angekuwa kazini.

Ile nakala haikufichwa saa moja kasoro. Ilifichwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia Othaya siku hiyo hiyo. Sikukimbia. Nilinyamaza Jumanne na nikanyamaza Jumatano. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akijua. Nilijiambia kwamba huenda bado ni yeye, saa nne pia alikuwa shuleni. Nilijiambia karakana itapoteza shule zote. Nilimwazia Shiro akibeba sanduku lake hadi kituoni, nikajiambia watoto huhama shule kila siku. Jumatano jioni mke wangu aliniuliza kwa nini nimekula ugali bila mboga ilhali mboga iko mezani. Nikamweleza. Hakunipa ushauri wowote. Alisema tu, "Na huyo mama sasa anakula nini?" Nilikasirika, nikaisukuma sahani kando.

Ijumaa nilikuwa kwenye mlango wa bodi kabla ya wenyewe. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kilimo, mwenye kofia ambayo hakuivua. Mama Shiro aliketi kwenye kiti cha peke yake karibu na ukuta, mkoba mapajani, nguo za kanisani. Hakunitazama. Niliposema nimekuja kurekebisha yale niliyoyasema, chumba kizima kilikunja uso.

"Wewe fundi," mwenyekiti akasema, "wiki tatu zimepita ulisema saa moja. Leo unasema saa nne. Kesho utasema saa ngapi?"

"Saa nne, Mzee. Nilikosea."

"Ama umekosea, ama umetumwa. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Umeongea na huyu mama?"

"Hapana. Sijawahi kumuuliza kitu." Nilisikia jinsi maneno hayo yalivyo nilipokuwa nikiyatamka.

Nikaomba kompyuta iletwe kutoka stoo. Madam akaonyesha karatasi yenye sahihi yake, haijachanwa. Nikamwomba mwenyekiti mwenyewe awashe, maana mimi nisingeaminiwa kugusa hata swichi. Akawasha kwa mfumo wake wa kawaida, akafungua folda ya picha za michezo kwa kidole kilichokuwa kinaogopa. Faili ilikuwa pale. Ilisema saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Nikamwambia aandike jina lake, ahifadhi, atazame saa yake. Kisha tukazima, tukawasha kwa flashi yangu. Jina lake likatokea, likiwa limerudi nyuma saa tatu, wakati ambapo alikuwa bado nyumbani akitafuta kofia.

"Kwa hivyo hii kitu yako inadanganya," akasema.

"Haidanganyi. Ni mimi sikuiambia iko wapi."

"Kwa nini?"

Niliwaeleza habari ya Nairobi. Mmoja wao alicheka, akaacha aliposikia yuko peke yake.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Shiro. "Sasa tuambie, Jumanne saa nne kasoro ulikuwa wapi?"

Kabla hajajibu, Madam aliweka kalamu chini. "Alikuwa staffroom," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Saa ya chai. Sisi huanza na neno la Mungu, na kila siku ni zamu ya mtu. Hiyo Jumanne neno lilikuwa la Mama Shiro. Nakumbuka kwa sababu aliongea sana, mpaka chai ikapoa. Nilikuwa naangalia saa nikitaka amalize."

Ofisi nzima ya walimu ilikuwa imemsikiliza kwa robo saa na ushee akisoma Biblia, dakika ile ile mtu mwingine alipokuwa kwenye kiti chake akiondoa kichwa cha mtihani. Watu watatu hawakuwa kwenye chai siku hiyo. Bodi iliwauliza, wakajibu walivyojibu, na ukweli haukujulikana. Mmoja aliomba uhamisho muhula uliofuata. Nina ninayemshuku mpaka leo, na simtaji, kwa sababu nilishawahi kumjua mwizi kwa hakika mara moja.

Mama Shiro alirudi kazini Jumatatu. Pale nje ya bodi nilimfuata chini ya ngazi, nikamwambia pole, nikamwambia nimekosa. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, hiyo siku nilikuwa nimekuletea chai," akasema. "Si ungeniuliza tu? Ungesema, Mama Shiro, wewe huwa wapi saa ya chai, wewe huwa wapi asubuhi, nani huwa anaingia hapa. Ningekuambia yote. Mimi ndiyo huwa naona watu."

"Ni kweli."

"Uliuliza mashine peke yake."

Akaenda kumtafuta binti yake. Nilibaki pale nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini wala nyumbani, na siwezi kusema imeisha.

Shule haikuniacha. Madam alisema fundi aliyekuja mwenyewe kusema amekosea ni adimu, ingawa kila nilipoingia baada ya hapo aliniuliza, "Leo uko mji gani?" Nilikuwa nimechagua Nairobi siku ile ile niliyogundua, na flashi yoyote mtakayoirithi kwangu iko Nairobi, msiibadilishe kwa ajili ya kiburi.

Ila Mama Shiro alikuwa na utaratibu wake. Mara ya kwanza niliporudi kutengeneza kompyuta yake alinisalimia vizuri, akauliza watoto. Kisha akatoa daftari jipya la mazoezi la wanafunzi, akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akaandika saa niliyoingia. Akanigeuzia. "Weka sahihi hapa." Nilipomaliza akaandika saa niliyotoka na mashine niliyoigusa, nikaweka sahihi tena. Fundi wa printa hakuandikwa. Mtu wa stima hakuandikwa. Ni mimi tu.

Ilikwenda hivyo kwa miaka. Shiro alimaliza shule, akaenda chuo, akaolewa Kerugoya, nami niliyajua hayo kwa sababu mama yake alinisimulia, daftari likiwa wazi baina yetu. Lilijaa, akafungua la pili, likajaa, akafungua la tatu. Hakuwahi kulisahau, na sikuwahi kumuuliza kama linatosha.

Mwezi uliopita nilikwenda pale mara ya mwisho. Nilimwambia, "Mama Shiro, nastaafu. Sitarudi tena." Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipongeza, akasema nimsalimie mama wa nyumbani. Alinimiminia chai, akaketi nami nikainywa, tukaongea kuhusu magoti. Nilipobeba mfuko wangu niondoke, alitazama saa ya ukutani. Akatazama ya mkononi. Akaandika, akanigeuzia daftari, akanipa kalamu.

Nikaweka sahihi.